Wa Pili Alibaki Tumboni

Niliingia kliniki nikitembea, nikiwa bado nimevaa aproni ya kazini, na nikatoka nikisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Saluni ninapofanya kazi iko Westlands, kliniki iko barabara ya pili tu. Nilikuwa nimeomba ruhusa fupi, nikamwacha mteja chini ya draya na kumwambia mwenzangu amtoe akikauka, nitakuja kummalizia. Sikurudi.

Mimba ilikuwa ya mapacha, na ndio kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Sikuwa naumwa popote. Nilikula vizuri, nilisimama kusuka nywele tangu asubuhi hadi jioni kama wenzangu, na siku hiyo nilienda kwa sababu tu tarehe ya kliniki ilikuwa imefika. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alipitisha kifaa cha skani tumboni, akanionyesha watoto wote wawili wakicheza. Akapima tena kwa njia nyingine. Akavua glavu.

"Mumbua," akasema, "usishuke kitandani."

Nikacheka. Nilidhani sakafu ina maji na anaogopa nisiteleze.

"Mlango wa kizazi umeanza kufunguka. Kuanzia leo utalala."

"Hadi lini, daktari?"

"Hadi tuwapate."

Nilimuuliza kama hawezi kunishona, maana nilikuwa nimesikia kuna wanawake wanaoshonwa. Alisema kwa vile nilivyokuwa, tena wakiwa wawili, kushona kungeweza kuharakisha jambo lile lile tunaloliogopa. Sitaeleza zaidi ya hapo kwa sababu sikuelewa zaidi ya hapo. Nilichoelewa ni kwamba mwili wangu ulikuwa unafungua mlango kimyakimya, na mimi mwenye mwili sikuwa nimeambiwa.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa hivyo wiki hii, na bado umeshika simu ukijiuliza umpigie nani kwanza. Mimi nilimpigia mume wangu, Wafula. Yeye ni fundi wa stima, na alikuwa juu ya ngazi akivuta nyaya kwenye jengo jipya. Nilimwambia, "Nimeambiwa nisisimame." Akanijibu, "Basi kaa, nakuja." Hakuelewa. Hata mimi nilikuwa nayatamka maneno tu.

Tunaishi Kangemi, ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti. Wafula na rafiki yake walinipandisha nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele, mwingine nyuma. Majirani walitoka milangoni wakatazama. Mwanamke mmoja aliuliza kama nimevunjika mguu. Nilitamani ningekuwa nimevunjika mguu, kwa sababu mguu watu wanauelewa.

Mama mkwe alifika kutoka Bungoma siku ya tatu. Ni mwanamke mrefu, mkulima, mwenye mikono ya kazi, na tangu niolewe tulikuwa tumeheshimiana kwa mbali, mimi Mkamba na yeye Mbukusu, kila mmoja akichunga maneno yake. Alinikuta nimelala kwa ubavu, mto mmoja kati ya magoti. Akaweka mzigo wake chini, akanitazama kwa muda.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, Mama."

"Na umelala."

"Daktari amesema."

Akaokota mzigo wake, akaingia jikoni. Lakini kuta za nyumba zetu ni nyembamba, na kesho yake nilimsikia akiongea na Wafula jikoni. "Mimi wewe nilikuzaa nikitoka kupalilia mahindi. Hii ya kulala kama mgonjwa, na mtu anakula sahani mbili, sijawahi kuiona."

Wafula alisema, "Mama, si ugonjwa wa kuona."

"Ndiyo nasema. Hauonekani."

Nilikasirika, halafu nikaogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo. Ukilala siku nzima bila maumivu, akili inaanza kukushtaki. Nilisikia maji yakimwagwa, sufuria zikisuguliwa, mtu mwingine akifagia nyumba yangu, nami nimelala natazama doa la unyevu kwenye dari. Niliruhusiwa kwenda chooni na kurudi. Kuoga nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kula nilikula nimelala nusu, na chakula kilipanda kooni kama moto. Nywele nilizokuwa nikizitunza kwa kazi yangu zilijisokota nyuma ya kichwa zikawa kama pamba chafu. Siku moja mama mkwe alikuja na kitana bila kuulizwa, akaketi nyuma yangu, akaanza kuzifungua. Alivuta kwa nguvu kidogo, lakini alizimaliza zote.

Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja Wafula akiwa kazini na mama mkwe ameshuka sokoni kununua mboga, nilijigeuza upande wa pili na shuka ikalowa. Nilidhani ni mkojo. Nikanusa. Haikuwa mkojo. Nilibaki nimeshika shuka mkononi kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake.

Nilipiga kelele kupitia dirishani. Chini ya jengo letu kuna vijana wanaochomelea mageti na madirisha. Walipanda ngazi wanne, bado wana miwani yao ya kazi shingoni, wakanifunga kwenye blanketi, kila mmoja akashika pembe, wakanishusha. Hakuna aliyeniuliza swali. Mmoja alisema tu, "Madam, usijali, hatukuangushi," na kweli hawakuniangusha. Mkubwa wao ndiye aliyesimamisha teksi. Ukiwa na mimba ya namna hii na unaishi ghorofani, wajue watu wa chini mapema. Mimi niliwajua siku hiyo.

Katika hospitali kubwa mjini, kila kitu kilienda haraka mno, kiasi kwamba sasa nikikumbuka naona vipande tu: taa, mkasi ukikata nguo yangu, sista akiniambia nisisukume. Sikusukuma. Mtoto alikuja mwenyewe. Alikuwa mvulana, mwenye rangi ya udongo mwekundu, vidole vyote vimekamilika. Walimweka kifuani pangu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliona uzito wa taulo kuliko wake. Alifungua mdomo mara kadhaa. Sista alisema kwa upole kwamba ni mdogo mno, hawana la kumfanyia, nimshike tu. Nikamshika. Alikaa nasi muda wa sala fupi, kisha hakuwepo.

Nilingoja wa pili. Nilijua anakuja, na nilikuwa nimejiandaa kumpokea vivyo hivyo. Wafula alikuwa amefika, amesimama kichwani pangu, na ukutani mama mkwe alikuwa amesimama na kikapu cha sokoni, sukuma wiki zikichungulia.

Hakuja. Uchungu ulipungua, ukapungua, ukaisha. Daktari kijana aliweka mkono tumboni mwangu, akangoja, akamtazama mwenzake. Wakatoka nje wakaongea. Aliporudi aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Wa pili bado yuko. Chupa yake ya maji haijapasuka. Tumbo limetulia. Tunaweza kujaribu kumwacha."

"Kumwacha wapi?"

"Hapo alipo."

Nilimtazama Wafula. Naye alikuwa amefungua mdomo. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba jambo kama hilo linaweza kuwepo duniani: kuzaa na kubaki na mimba. Daktari hakutudanganya. Alisema mara nyingi haidumu, huenda ni siku chache tu, na kwamba homa ikiingia lazima wamtoe mara moja ili kuniokoa mimi. Kisha akasema, "Lakini utalala kabisa. Hata chooni hutaenda."

Waliinua kitanda upande wa miguu kwa matofali, kichwa changu kikawa chini. Kitovu cha mtoto wa kwanza kilikuwa kimefungwa na kukatwa, kikabaki ndani pamoja na kondo lake la nyuma. Niliishi nikijua hivyo.

Mama mkwe ndiye aliyemwosha mvulana wangu. Sista alikuwa amekuja na kijikaratasi akauliza kama tunataka hospitali ishughulikie mwili. Wafula alikipokea, akakigeuza pande zote. Mama yake alisogea mbele. "Huyu ana kwao," akasema. "Anarudi nyumbani." Akaomba maji ya uvuguvugu. Nilimtazama kwa pembe ya jicho kwa sababu sikuruhusiwa kugeuka. Ile mikono niliyoiogopa ilimshika kana kwamba angeweza kuhisi baridi.

Wafula na mama yake walimpeleka Bungoma kwa gari la binamu. Mimi nilibaki. Mama yangu mzazi alikuwa amefika kutoka Kitui, akakaa kando yangu akiwa ameshika Biblia bila kuifungua. Wafula alipiga simu wakiwa shambani kwenye maziko. Nilisikia wimbo wa wamama, mvua kwenye mabati, mtu akikohoa. Nikaanza kulia. Mama aliweka kiganja chake tumboni mwangu.

"Mumbua, tumbo linakaza."

Kulia kwa nguvu kunakaza tumbo. Sikujua hilo. Ilinibidi nimzike mwanangu nikiwa nimelegeza kila msuli, nikivuta pumzi polepole kama nilivyofundishwa, machozi yakiteremka pembeni hadi masikioni kwa sababu kichwa kilikuwa chini. Nililia kwa macho tu. Sauti ya kilio hicho ilibaki mwilini, na hadi leo kuna siku inatoka bila sababu, nikiwa naosha vyombo.

Ikaanza subira ambayo sina jina lake. Kila asubuhi sista alileta kile chombo kidogo cha kusikilizia moyo. Alikipitisha tumboni, kikakwaruza, kikanyamaza, nami nikaacha kupumua, kisha sauti ikatokea, mbiombio kama cherehani. Akishaondoka nilikuwa nimechoka kama mtu aliyefua siku nzima. Walinipima homa asubuhi, mchana na jioni, na nililijua joto langu kuliko jina langu.

Mwili ulinishangaza. Mashavu ya miguu yaliyeyuka hadi ngozi ikaning'inia. Nyayo zikawa laini kama za mtoto. Mifupa ya nyonga iliuma kwa kulaliwa, na mgongoni kulitokea kidonda ambacho mama yangu alikisafisha kila siku. Walinidunga sindano za kuzuia damu isigande, tumbo likawa na madoa ya zambarau. Nilijisaidia kitandani nyuma ya pazia, watu wakila chakula cha mchana upande wa pili. Aibu hiyo usiiogope sana. Iliniumiza wiki ya kwanza, halafu ikachoka yenyewe.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Akoth, mwalimu, aliyelazwa kwa presha. Yeye aliruhusiwa kuketi, nami nilimwonea wivu kwa sababu ya kuketi. Kila jioni aliniambia anachokiona dirishani: watu wanakimbilia mvua, mama anauza mahindi ya kuchoma, mzee amevua viatu anavuka barabara. "Leo hakuna kitu," aliniambia siku moja, "ni jam tu," na nikamwomba anieleze hiyo jam. Akanieleza gari baada ya gari.

Hapo katikati daktari mwingine, wa zamu, alisoma faili langu akaniambia kwamba siku hizi madaktari wengi hawalazi wajawazito kitandani kama zamani, na kwamba kule nyumbani huenda kulala hakukusaidia chochote. Alisema hivyo huku akiandika. Alipoondoka nilimtazama mama yangu. Zile wiki zote za kutazama dari, yale maneno ya jikoni, mwanangu aliyetoka hata hivyo. Sikujua nimkasirikie nani. Nakuambia hili ili umuulize daktari wako wazi: nilale kwa nini, kwa muda gani, na nini kitatokea nisipolala. Mimi sikuuliza. Nilitii tu, kwa sababu nilikuwa nimeshtuka.

Mama yangu alipolazimika kurudi Kitui, mama mkwe alirudi kutoka Bungoma, akachukua kiti chake. Alikuwa amekonda. Hakuniambia lolote kuhusu maneno yake ya jikoni, nami sikutaka aniambie. Jumapili moja walikuja wanawake wa kanisa letu kutoka mtaa wa Mountain View, watu wema, wamebeba matunda na uji kwenye chupa. Waliimba chini chini, wakaomba. Kisha mmoja wao, aliyeguswa sana, akanishika mkono akaanza kunivuta. "Dada, simama kwa imani. Simama uchukue uponyaji wako."

Mama mkwe aliinuka, akautoa ule mkono kwenye wangu kidole kwa kidole.

"Mama, keti," akamwambia. "Huyu hasimami. Imani yake iko hapo hapo, imelala."

Akoth akacheka kwanza, halafu wodi nzima. Mimi sikuruhusiwa kucheka, nikang'ata shuka. Tangu siku hiyo sikumwogopa tena mama mkwe.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia. Wiki saba baada ya wa kwanza kuzaliwa, saa ya wageni, nikiwa naongea na Wafula, nilianza kutetemeka. Nilimwambia anifunike. Akanifunika. Nikamwambia aongeze. Akaniwekea mkono shingoni na uso wake ukabadilika. Sista alipokuja na kipimajoto hakusema namba. Alikimbia.

Ndiyo homa tuliyoonywa. Nikiwa nasukumwa kwenda chumba cha upasuaji nilimshika daktari mkono. "Ni mapema," nikasema. Mimba haikuwa imefika mwezi wa nane.

"Ni mapema," akakubali, "lakini si kama wakati ule."

Walinichoma sindano ya mgongo, nikawa macho. Nilihisi kuvutwa, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa nje. Sikuelewa inatoka wapi. Nilitazama mlangoni. Sista akaniambia, "Ni wako, mama. Ni msichana. Analia." Nilikuwa nimesahau kwamba watoto hulia wakizaliwa.

Alipelekwa kwenye chumba cha watoto njiti kabla sijamwona vizuri. Homa yangu ilichukua siku kadhaa kushuka. Kisha asubuhi moja daktari akasema, "Sasa unaweza kusimama," na akaendelea kwa mgonjwa mwingine, kana kwamba ameniambia hali ya hewa.

Nilishusha miguu. Sakafu ilikuwa baridi na ilikuwa mbali. Nikasimama, na magoti yakakunjika kama ya mtu mwingine. Mama mkwe alinidaka. Nilikuwa nimefikiri nitatembea moja kwa moja hadi kwa mwanangu. Kumbe mwili ulikuwa umesahau. Tulienda korido nzima tumeshika ukuta, tukipumzika kwenye kila mlango, watu wakitupita na vikombe vya chai. "Polepole," alikuwa akisema. "Hatoroki huyo."

Alikuwa kwenye kisanduku cha kioo, mrija puani, kofia kubwa kuliko kichwa. Walimweka kifuani pangu ngozi kwa ngozi, wakanifunga naye kwa leso ya kubebea mtoto. Nilikaa hivyo kila siku hadi alipojifunza kunyonya. Mara za kwanza nilihesabu pumzi zake na kungoja zisimame, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa na kumbukumbu ya mtoto mwingine mahali pale pale. Hazikusimama.

Suala la jina lilikuja tukiwa tayari nyumbani Kangemi. Kwa Wabukusu pacha anayetangulia huitwa Mukhwana na anayefuata huitwa Mulongo. Wafula alitaka tumpe msichana jina lingine lolote, jina la kawaida, ili watu wasiwe wanauliza. Niliona anavyonihurumia. Mama mkwe alikuwa akikunja nepi, hakuinua macho.

"Nyinyi ndio wazazi," akasema. "Lakini mimi nimemzika Mukhwana. Sijui nitamwambiaje kwamba hana mwenzake."

Wafula akatoka nje. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. "Mulongo," akasema. Ikawa hivyo.

Juzi nilimpeleka Mulongo kliniki kupimwa uzito. Ana mashavu sasa, na anavuta nywele za kila mtu aliye karibu. Mwanamke tuliyeketi naye kwenye benchi, mgeni kabisa, aliona jina kwenye kitabu cha kliniki akatabasamu kama mtu aliyekutana na wa kwao.

"Mulongo. Na Mukhwana yuko wapi? Mmemwacha na baba?"

Niliona Wafula alikuwa akinikinga na nini. Lakini nikamjibu.

"Yuko nyumbani, Bungoma. Alitangulia."

Alielewa. Nilingoja aseme pole na kugeuka, kama watu wanavyofanya, au aniambie nishukuru kwa huyu niliyebaki naye. Badala yake alisogeza mkoba wake, akanikaribia.

"Alikuwa anafanana na nani?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilishangaa kwamba jibu lilikuwepo, limekaa tayari muda wote huo. Nikamwambia kuhusu paji lake la uso, na vidole vyake virefu, na jinsi alivyofungua mdomo. Tulikaa tukimzungumzia hadi jina la dada yake likaitwa.